Goti la Kushoto

Kwetu Kimwani, kusini mwa Muleba, mwanamke aliyelelewa akaleleka hamsalimii mkubwa wake kasimama. Anapiga magoti, anainamisha kichwa, anasubiri kuitikiwa. Nimekua nikifanya hivyo kibanjani, njiani kuelekea mwaloni, nje ya kanisa baada ya misa, na sikuwahi kufikiri kwamba inahitaji nguvu yoyote ya mwili. Nililifahamu hilo baada ya tetemeko.

Jumamosi ya 10 Septemba 2016 nilikuwa Bukoba mjini, nimepanga chumba. Kama saa tisa na nusu alasiri ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 5.9. Nyumba nyingi zilibomoka, Sekondari ya Ihungo ikaharibika vibaya, watu wakafa na wengine wengi wakajeruhiwa. Mimi ukuta wa uani uliniangukia mguu wa kushoto, ukavunja mfupa wa muundi chini kidogo ya goti. Nikafungwa hogo kutoka pajani hadi karibu na vidole, nikarudishwa kwa mama.

Mfupa uliunga vizuri. Lakini hogo lilipokatwa, paja lilikuwa limenywea na goti halikunjiki. Agizo nililoondoka nalo lilikuwa moja tu, nisiukanyagie sana, na nyumbani kila mtu alinisaidia kulitii. "Wewe kaa tu, mwanangu, tumekwisha kupokea," bibi aliniambia siku niliyojaribu kushuka chini kumsalimia. Basi nikawa nasalimia nikiwa kwenye kigoda. Ilikuwa huruma ya kweli, nami naikumbuka kwa upendo, ila miaka iliyofuata mguu ule haukupewa kazi yoyote. Ngazi nilipanda kwa wa kulia. Mzigo niliuelekezea kulia. Hata kusimama foleni nilisimamia wa kulia.

Kazi ikanipeleka Dar es Salaam. Huko mwenzangu wa ofisini alinipeleka kwenye darasa la rifoma, mashine ya mazoezi ya Pilates. Ni kitanda chembamba chenye kigodoro kinachoteleza juu ya reli, kikishikiliwa na springi. Unalala chali, unaweka nyayo kwenye upau, unausukuma, nawe unateleza kurudi nyuma. Aliyeibuni mashine hiyo ni Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa 1883. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, akawekwa kizuizini kama raia wa nchi adui. Ni vita ileile iliyowafikisha Waingereza Bukoba mwezi Juni 1915 kuishambulia ngome ya Wajerumani. Inasimuliwa kwamba kule kizuizini alifunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa ili wafanye mazoezi wakiwa wamelala. Iwe ilikuwa hivyo au la, mashine yenyewe inamfaa mtu wa mguu mbovu: ukiwa umelala, uzito wa mwili haupo gotini, na mzigo unaupanga wewe kwa idadi ya springi.

Darasa lenyewe, hata hivyo, lilikuwa la kasi. Muziki juu, mwalimu anahesabu, watu wakiwa wamelala wanaruka kwa kusukuma ubao kwa nyayo. Hakuna aliyeniuliza nina jeraha gani. Usiku ule goti lilivimba.

Ningeacha, kama si mwalimu mwingine, dada mmoja mtulivu, aliyeniona nikichechemea mlangoni. Alinilaza, akaweka kiganja juu ya paja la kushoto, akasema, "Sukuma kwa miguu yote miwili." Nikasukuma. "Dada, huu haufanyi kitu. Wa kulia ndio unaokubeba." Akaondoa springi, akabakiza mbili, akaniambia niinue wa kulia juu. Kigodoro kilisogea kidogo, kikatetemeka, kikasimama. Jasho lilinitoka kwa safari fupi kama shubiri.

Kwake nilijifunza kutofautisha mtetemo wa msuli uliochoka, ambao unaendelea nao, na maumivu makali ya ndani ya kiungo, ambayo yakija unaacha hapo hapo. Nilijifunza pia kwamba ukisimama mguu mmoja juu ya kigodoro, springi chache ndizo ngumu zaidi, kwa sababu hakuna cha kukushikilia. Baadaye sana nilirudi kwenye darasa la kasi, nikiruka pale tu goti liliporuhusu. Na likizo moja nilipiga magoti mbele ya bibi, yote mawili, nikainuka bila kushika kitu. Aliitikia salamu, kisha akalishika goti langu, akalibonyeza kama anayekagua ndizi.

Rifoma Kimwani haipo, na sioni kama itafika karibuni. Lakini bodaboda zipo, na vijana wanavunjika. Mwaka jana mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alitolewa hogo, na daktari wa viungo akamruhusu kuanza mazoezi. Tulifunga tyubu ya baiskeli kwenye mguu wa kitanda, akalala sakafuni mkekani, nikampitishia unyayoni.

"Dada, nisukume na huu mzima?"

"Hapana. Huo uweke pembeni. Anza na huo ulioumia, polepole, na ukirudi usiiache tyubu ikuvute."

Nilibaki nimeweka kiganja juu ya paja lake, nikisikiliza kama msuli unaitika.