Koti la Ulingoni

Neno ulingo limehama makwao. Kijana wa leo akilisikia huwaza mabondia wawili na kamba zilizowazunguka, au mwanasiasa anayeomba kura. Ilhali asili yake ni shambani, ambako ulingo ni kitanda cha fito kilichoinuliwa juu ya miguu minne na kuezekwa kwa nyasi, akakaa juu yake mlinzi mwenye teo mkononi. Wengine huuita dungu. Kazi ya kukaa huko tangu alfajiri kufukuza ndege ina kitenzi chake, kuamia, ambacho mjini kimekosa ajira. Lakini katika vijiji vya Handeni na Korogwe, neno likiwapo lisiwepo, kazi yenyewe ingalipo.

Njia inayotoka Korogwe, ulipo mto Pangani chini ya milima ya Usambara, huelekea kusini ikipita mkonge na vichaka hata kuifikia Handeni. Mahindi hulimwa masika na vuli, mvua ikiridhia, na mvua ya Handeni si ya kuwekeana nayo ahadi. Upande wa Mkata yupo bibi mmoja, mjane, ambaye shamba lake limepakana na pori. Mahindi yake yanapoanza kuingia maziwa, bibi huyu huvaa koti la marehemu mumewe, zito, la rangi ya majivu, akajitia na kofia yake, kisha hupanda ulingoni katika jua la kupasua kichwa.

Havai kwa ajili ya baridi. Avaa kwa ajili ya nyani. Nyani humwogopa mwanamume, kwa kuwa ndiye ajaye na mkuki na mbwa. Mwanamke humpima kwanza, na mtoto hawamjali. Jambo hili wakulima wa Afrika Mashariki walilijua zamani, na watafiti nao wameliandika. Siku moja koti lilikuwa limefuliwa, bibi akaenda kwa khanga zake. Dume moja kubwa lilikuwa limekaa kitako ukingoni mwa shamba, hindi mkononi. Alipopiga kelele halikukimbia. “Lilinitazama,” asema bibi, “kama mwenye nyumba anayemtazama mgeni asiyebisha hodi.”

Hasara ya nyani haipimwi kwa akilacho. Huvunja bua, akaonja, akatupa, akavunja jingine. Na akifukuzwa hukimbia na akiba, kwani ana mifuko ndani ya mashavu yake. Jua likitua hurudi kulala mitini au majabalini, na hapo mlinzi angepumzika, lau si nguruwe mwitu, ambaye zamu yake ni usiku. Basi mchana ni teo na mayowe, usiku ni moto na debe linalogongwa. Mbwa husaidia. Usingizi ndio unaokosekana, na katika majuma hayo madawati ya shule nayo huwa na nafasi, maana nyumba isiyo na mwanamume humtuma mtoto.

Mavuno yakiingia nyumbani, mtu angedhani vita vimekwisha. Kumbe amebadilika adui tu, naye ni mdogo zaidi. Panya hana haja ya kuogopa koti la mtu. Kwake yeye dawa ni kihenge kilichosimama juu ya nguzo kiasi cha mita 1 kutoka ardhini, kila nguzo ikavishwa bati lililokunjwa mfano wa mwavuli, ili apandaye afike hapo akose pa kushika. Kihenge kisikaribiane na mti wala ukuta. Na ngazi, baada ya kutolea mahindi, isiachwe imeegemea. Vihenge vingi vimeliwa kwa sababu ya ngazi.

Ajabu ni kwamba bati hilohilo, kwa umbo hilohilo, hufungwa pia huko Texas, Marekani. Wawindaji wa huko huweka mahindi porini ndani ya pipa lenye miguu mirefu, makusudi, ili kulungu waje wale. Na mwizi wao ni rakuni, mnyama mwenye vidole vyepesi kama vya mtoto na weusi machoni kama aliyevaa kinyago. Bibi aliposimuliwa habari hiyo hakustaajabia bati. Aliuliza tu kama watu wa nchi hiyo wameshashiba wote.

Na hata huyo panya si wa mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitambuliwa mkoani Tabora mdudu ambaye hakuwa wa huku, mgeni kutoka Amerika, kama yalivyo mahindi yenyewe, na kama ulivyo mkonge wa Korogwe, uzao wa ule ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Wakulima walimwita dumuzi; wengine wakampa jina la Scania, kwa kuwa walidhani ameshuka na malori. Urefu wake ni milimita chache tu, naye hugeuza gunzi lenye punje kuwa unga usiolika. Hutoboa hata mti wa kihenge. Desturi ya kuhifadhi mahindi na magunzi yake, juu ya moshi wa meko, ikamshinda mwenyewe aliyeirithi: ikabidi kupukuchua na kuchanganya punje na dawa ya vumbi. Siku hizi ipo mifuko ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani ya gunia moja, ambayo ikifungwa barabara humkosesha mdudu hewa akafa. Mfuko ni mzuri. Panya akiutoboa, hewa huingia, na dumuzi hufufua kazi yake.

Asiyejua atauliza kwa nini mtu ajitese hivi kwa ajili ya magunia machache. Wazigua hawaulizi. Katika miaka ya 1830 njaa iliishika nchi yao, na masimulizi yao yasema kwamba watu waliteremka pwani kutafuta chakula, wengine wakijiweka rehani, wengine wakidanganywa kwa ahadi ya kazi, wakapakiwa majahazini hata pwani ya Barawa, wakauzwa. Sisi wa visiwani tusijifanye hatukuyaona majahazi hayo. Waliotoroka walijenga vijiji katika bonde la mto Juba, wakaendelea kusema Kizigua. Na vita vya Somalia vya mwaka 1991 vilipowatawanya, baadhi ya wajukuu zao walikimbilia Tanzania, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, wilayani Handeni. Wengi baadaye walipewa uraia. Safari ya kwenda na kurudi ilichukua zaidi ya miaka 160, na chanzo chake ni ghala tupu.

Masika moja mjukuu wa bibi, wa darasa la sita, alikuja jioni akasimama chini ya ulingo.

“Shikamoo, bibi. Kesho tuna mtihani wa muhula.”

“Marahaba. Na nyani nao wana mtihani?”

Mtoto hakucheka. Bibi akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Nenda, baba. Mimi nitakaa.”

Akakaa, peke yake, tangu mapambazuko hata alasiri, bila kushuka kunywa maji. Mtoto aliporudi alivua shati la shule, akapokea koti, akakunja mikono yake mara tatu, akapanda.

“Waliuliza nini?” bibi akauliza akiwa chini.

“Hesabu. Mkulima kavuna magunia kumi, kauza manne. Amebakiwa na mangapi.”

“Hawakutaja nyani?”

“Hawakutaja, bibi.”