Jogoo wa Bibi na Mkuu wa Jiji

Barua ilikuwa ya kurasa mbili. Bibi alikuwa ameikunja mara nne na kuitia katika mfuko ule ule wa plastiki anamotunza karatasi zake za ukimbizi. Jioni ile tulikuwa watatu, wanachama wa chama hiki tunaokaa Mount Druitt, na tulipita kwake kama tunavyopita Jumamosi nyingi tukitoka maktaba. Alitumiminia chai, akangoja tumalize kikombe cha kwanza, ndipo akautoa mfuko.

"Wajukuu zangu, munisomee hii. Watoto wa nyumba hii wamesoma, wanacheka tu, wanasema ni mambo ya kuku. Mimi naona muhuri."

Muhuri haukuwapo. Ilikuwa nembo ya Baraza la Jiji la Blacktown, ambalo Mount Druitt yetu imo ndani yake. Barua ilieleza kwamba kuna jogoo anayewika usiku, kwamba banda la kuku linaelekea kuwa karibu mno na nyumba ya jirani, na kwamba baraza linakusudia kutoa amri kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1993 ya jimbo la New South Wales. Kabla ya amri kutolewa, Bibi alikuwa na nafasi ya kujieleza. Chini kabisa ilikuwapo saini ya ofisa mmoja, aliyeandika kwa niaba ya mkuu wake.

Darasani tulifundishwa kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini. Huyu aliwika, tena kuanzia saa 10 alfajiri, na sisi wenyewe tuliwahi kumsikia tulipolala pale. Kwa hiyo hatukuwa na la kumlaumu jirani.

Lakini Bibi hakuona kuku katika barua ile. Alizaliwa karibu na Uvira, akakimbia vita, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kasulu kabla ya kuletwa Australia. Kambini neno la mwisho lilikuwa la mkuu wa kambi, mtu wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Tanzania. Ukitaka kutoka nje ya kambi, hata kwa siku moja, unaomba kibali. Karatasi ikija kutoka ofisini inakuja kukuondoa mahali, au kukunyima kitu. Na dawa yake ni moja tu: kumwendea mkubwa, kukaa mbele yake, kumweleza shida yako akuone uso.

"Mukubwa wao ni nani?" aliuliza. "Munipeleke kwake."

Hapo ndipo tulipokosea. Sheria ya jimbo inamwita mkuu huyo meneja mkuu. Baraza letu linamwita ofisa mtendaji mkuu. Sisi, kwa kutaka neno la nyumbani, tukasema: "Ni kama Mkurugenzi wa Jiji, Bibi." Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mkurugenzi wa halmashauri alimjua tangu Kasulu. Alijua ukimpata huyo umempata mtu.

Tukafanya kama ambavyo watoto wa kwetu wangefanya: tulitafuta mtu wa kutupitisha. Tukamwandikia diwani mmoja wa kata yetu, kwa adabu nyingi mno, tukimwomba awaambie maofisa wamwache bibi wa watu na kuku wake. Diwani alitupigia simu baada ya siku chache. Alizungumza nasi vizuri, akauliza hali ya Bibi, kisha akatueleza kwamba anaweza kufikisha swali letu na kutusaidia kujua jambo limefika wapi, lakini hana mamlaka ya kumwagiza ofisa yeyote afanye hivi au aache vile. Akitaka baraza liamue jambo, atalipeleka katika kikao, walipigie kura wote 15. Tulipokata simu tulitazamana. Mmoja wetu akasema, "Ametukwepa."

Hakutukwepa. Tuligundua hivyo wiki iliyofuata, tulipokaa maktabani na kuisoma sheria yenyewe, jambo ambalo tungelifanya kwanza kama tungekuwa na akili.

Kifungu cha 335 ndicho kinachotaja kazi za meneja mkuu. Anaendesha shughuli za kila siku za baraza kwa kufuata mipango na sera zilizokwisha kupitishwa. Anatekeleza maamuzi halali ya baraza bila kuchelewa. Anamshauri meya na madiwani, na ni wajibu wake kuwapa habari na msaada wa kitaalamu kwa wakati, ili wasipige kura gizani. Anaandaa mipango ya jiji kwa kushauriana nao. Kisha ana mamlaka ambayo madiwani hawana: yeye ndiye anayeajiri watumishi, anayewaelekeza, na anayewaachisha kazi. Diwani hamgusi karani wala mzoa taka. Kanuni za maadili zinamkataza hata kuwaagiza, na kifungu kingine kinasema mtumishi hawezi kulazimishwa na diwani, wala na baraza zima, juu ya ushauri gani wa kitaalamu autoe.

Ukiishia hapo utadhani huyu ni mfalme. Lakini sheria hiyo hiyo inamfunga kwa upande wa pili. Baraza linaweza kumkasimu madaraka mengi, ila si kupanga kodi ya ardhi wanayolipa wenye nyumba, si kukopa fedha, na bila shaka si kumteua meneja mkuu mwenyewe. Hayo hubaki mikononi mwa waliochaguliwa. Naye ni mtu wa mkataba, usiopungua miezi 12 wala kuzidi miaka 5, wenye kupimwa utendaji wake, na meya ndiye anayeongoza upimaji huo. Kwa maneno mengine, madiwani hawawezi kumwondoa hata mfagiaji mmoja, lakini wanaweza kumwondoa yule anayewaongoza wafagiaji wote.

Zamani hapa alikuwapo karani wa mji, chini ya sheria ya 1919. Wazo la kumwajiri meneja kama kampuni inavyomwajiri lilikuwa limekwisha kushika mizizi Marekani: Staunton, mji mdogo wa Virginia, uliajiri wa kwanza mwaka 1908, na Dayton, Ohio, ulifuata mwaka 1914, mwaka mmoja baada ya mafuriko makubwa kuuharibu. Maji yakiingia nyumbani, watu hutaka mtu anayejua mifereji.

Maneno nayo yalitupa kazi. Diwani, kwa mfano, katika miji ya Mrima karne ya 19 alikuwa mtawala, na tukiwa katika somo la fasihi diwani ni mkusanyiko wa mashairi. Leo ndiye huyu aliyetupigia simu kutuambia hana amri. Na mkurugenzi je? Tulipomwita hivyo mkuu wa Blacktown tulikuwa tumemvisha kanzu isiyo yake. Mkurugenzi wa Jiji Tanzania huteuliwa na Rais. Ni katibu wa vikao vya halmashauri, anatekeleza maazimio yake, kazi zinafanana sana na za huku. Lakini madiwani wakimchoka hawana mkataba wa kuuvunja. Watapitisha azimio, watasusia kikao, na mwisho wa yote watangoja uamuzi wa juu. Mtu humtazama usoni anayemwajiri. Hilo halihitaji kifungu.

Hapo tuligombana, na tunakiri kwamba ugomvi huo haujaisha. Mmoja wetu wazazi wake ni wa Ilala. Alitukumbusha mwaka 1996, Waziri Mkuu Sumaye alipoivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na mahali pake ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, hadi mwaka 2000. Hakukuwa na madiwani hata mmoja. Na nyumbani kwao, anasema, mpaka leo Tume inasifiwa: taka zilizolewa, barabara zilitengenezwa, mapato yalikusanywa. "Sasa madiwani wa nini?" akauliza. Mwenzetu wa Mombasa alimjibu kwamba kwao karani wa mji alikuwa akijulikana kuliko diwani, na kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2011 kuhusu miji na majiji ilipoleta meneja ilimweka chini ya bodi, si bure. Sisi wengine tunaona hivi: tume nzuri ni bahati, na taka zikianza kulala tena barabarani, mwananchi asiye na diwani atamfuata nani? Mwana wa Ilala anasema tunajibu kama watu wa Sydney. Huenda.

Ilibaki kumweleza Bibi. Tulimwambia kwamba mkubwa yupo, ila jiji lenye watu zaidi ya 400,000 hawezi kulisimamia kwa macho yake mawili, kwa hiyo sheria inamruhusu kukasimu kazi zake kwa walio chini yake. Ofisa aliyeweka saini anayo mamlaka ya mkubwa kwa jambo hili. Kumwona yeye ni kumwona mkubwa.

Bibi alifikiri. "Kwa hiyo amegawa mikono yake."

"Ndiyo, Bibi."

"Na uso wake amempa nani?"

Hatukuwa na jibu, na hatuna mpaka sasa. Tunaona faida ya utaratibu huu: hakuna anayeweza kumpigia simu mkubwa ili jirani aonewe, kama sisi tulivyotaka kufanya. Jirani yule naye ana haki ya kulala. Lakini tumemwona mwanamke wa umri ule akijiandaa kwa siku kadhaa, ametoa kitenge chake kizuri, ili akazungumze na mtu ambaye kwa mujibu wa kifungu cha sheria hahitajiki kuonekana.

Tuliandika maelezo yake. Tulitafsiri kama alivyosema, bila kupunguza, hata pale aliposema kuku ndio waliomwondolea upweke alipofika. Ofisa akaja. Alikuwa kijana, akakataa chai mara ya kwanza na kukubali mara ya pili, akatoa futi yake ya mkononi. Kanuni ya jimbo inataka kuku wakae mita 4.5 au zaidi kutoka nyumba ya mtu. Kutoka bandani hadi ukuta wa jirani hazikufika 3. Tulilihamisha banda Jumapili ile ile, watu wanne na toroli moja. Matetea yalibaki.

Jogoo hakubaki. Bibi hakusubiri amri wala hakutuomba ushauri. Jumapili iliyofuata tuliitwa kula ugali, na hakuna aliyeuliza tunakula nini.

Baadaye ilikuja barua ya pili, fupi, ya kusema jambo limefungwa. Bibi alitaka tumsomee mstari wa mwisho tu, wenye jina na cheo. Ni ofisa yule yule, kwa niaba ya yule yule. "Huyu nilimpa chai," alisema, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni pamoja na zile za Nyarugusu.