Umande Ndani ya Tangi

Leo nazungumza na wewe kijana uliyefungua karakana nyumbani ya kupaka rangi pikipiki na magari, uwe Suneka au Keroka.

Unamkumbuka Gideoni, Waamuzi 6? Ngozi ya kondoo ililala nje usiku mmoja, asubuhi akakamua maji bakuli zima. Hakuna aliyeyamwaga. Yalikuwa hewani.

Kompresa yako ni ngozi hiyo, mchana kutwa. Huku kwetu mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na hewa ya nyuzi 20 iliyoshiba unyevu hubeba gramu 17 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Kompresa hushindilia ndoo nane na zaidi za hewa hiyo katika ndoo moja. Ikipoa, maji hujitenga. Yakifika kwenye bunduki ya rangi, pikipiki ya mteja inaota vipele na unarudia kazi kwa pesa yako. Halafu tunasikia eti jirani amekuroga. Mpendwa, muache mama wa watu. Fungua koki chini ya tangi uone.

Sasa ununue nini? Kama unajaza magurudumu na kupuliza vumbi tu, kichujio kidogo cha maji kinatosha, usidanganywe dukani. Rangi ndiyo inayodai zaidi. Lakini usikifunge kichujio mdomoni mwa kompresa: hapo hewa ni moto, maji bado ni mvuke, yatapita tu. Ipoze kwanza kwenye bomba refu la chuma lililoinamia koki ya kutolea maji. Ndipo kichujio cha maji, kisha cha mafuta, na mwisho, karibu na bunduki, chupa ya chembe za silika. Mafuta yachujwe kwanza, maana yakizigusa chembe hizo zimekwisha. Zikibadilika rangi zimeshiba, zikaushe kwa moto wa polepole (si kwa sufuria ya ugali!) na utazitumia tena. Ile mashine ya viwandani ya kukausha hewa kwa baridi, usiikopee chama.

Ninyi wachongaji wa Tabaka, kompresa ikae mbali na vumbi la mawe, na kichujio cha kuingizia hewa kisafishwe mara kwa mara.

Tena maji yakilala ndani, kutu inalila tangi usikoona, na tangi lililoliwa hupasuka likiwa na presha. Watoto wako wanacheza hapo. Basi jioni zima mashine, shusha presha, fungua koki mpaka yaishe. Mwenye swali aje na kichujio chake Jumapili baada ya ibada, tukifungue pamoja.