Nilitua mzigo wa mawazo chini ya miti ya Arboretum

Ukishuka matatu katikati ya jiji la Nairobi Jumapili asubuhi, kabla kengele za kanisa hazijalia, utashangaa jinsi jiji hili linavyoweza kunyamaza. Makanga hana wa kumwita na maduka mengi yangali yamefungwa. Wakati kama huo mimi hushika njia ya State House Road, hupita mabweni ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha hupanda mwinuko polepole hadi lango la msitu wa Arboretum. Mtu mwepesi hutumia nusu saa hivi. Mimi mwenye kilo zangu 104 hutumia dakika 45, na sioni haya kukwambia hivyo, msomaji.

Sikuja hapa mara ya kwanza kwa kupenda miti. Nililetwa na hofu.

Jioni moja nilikuwa nimetoka kazini, kichwa kikinigonga, deni la karo likinisumbua akilini, na nguo zikinibana kila mahali. Nilipokuwa nikitia ufunguo mlangoni nilimsikia kijana wangu wa miaka tisa akimwambia dada yake, "Zima televisheni, baba amekuja." Nilipoingia sebuleni sikumkuta mtu. Watoto wangu walikuwa wamekimbilia chumbani, na aliyewatimua ni mimi na makelele yangu ya kila jioni. Usiku huo sikupata usingizi. Nilimkumbuka marehemu baba yangu, aliyekuwa mnene kama mimi na mkali kama mimi, na ambaye presha ilimwangusha kabla hajafika miaka 60.

Asubuhi nilikwenda kliniki moja. Aliyenipima alitangaza uzito wangu kwa sauti, foleni nzima ikasikia na baadhi ya watu wakaangua kicheko. Nilitoka nikiwa nimeapa kutorudi. Nilipita moja kwa moja kwenye kibanda cha jirani nikala chapati tatu, si kwa njaa bali kwa uchungu. Je, wewe hujawahi kula kwa uchungu?

Mke wangu ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa daktari mwingine, mama wa makamo, mpole wa maneno. Alinipima presha akaikuta iko juu, akaniandikia dawa. Kisha akaniambia, "Mzee, leo sitakuuliza habari ya mizani. Kwanza tuipumzishe akili yako. Kilo tutazizungumza baadaye."

Alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelisikia. Mtu akiwa na wasiwasi wa muda mrefu, tezi ndogo zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo kotisoli. Homoni hii huupa mwili nguvu ya kukabili hatari, lakini ikizidi siku baada ya siku huongeza hamu ya vitu vitamu na vya mafuta, huvuruga usingizi, na huchangia mafuta kujikusanya tumboni. Mtu akinenepa huchekwa, akichekwa hufadhaika, akifadhaika hula. Ndivyo gurudumu linavyozunguka, na atakaye kulisimamisha hana budi kuanzia kwenye fadhaa yenyewe.

Nami siko peke yangu katika gurudumu hilo. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba watu wazima 27 hivi katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi kiasi, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume.

"Tafuta mahali penye miti," daktari akaniambia, "utembee huko bila kushindana na mtu." Ndipo nikaikumbuka Arboretum, ambayo nilikuwa nimeipita kwa gari miaka mingi bila kuingia.

Ukilipa ada ndogo langoni na kupiga hatua mia moja tu, sauti ya magari hufifia. Msitu huu wa ekari 75 hivi ulianzishwa mwaka wa 1907, wakati magari ya moshi ya reli ya Uganda yalipokuwa yakitumia kuni. Wakoloni walitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua upesi katika udongo wa Nairobi, wakapanda ya kujaribia hapa. Ajabu ni kwamba pahali palipoanzishwa kwa sababu ya haraka ya treni ndipo watu wa Nairobi wanapokuja leo kuikimbia haraka. Ile miti ya majaribio imezeeka ikawa mirefu, mikaratusi na misonobari pamoja na miti ya kwetu, na jumla ya aina zake inapita 300.

Jumapili utamkuta kila mtu hapa. Wanafunzi hujisomea nyasini, na waumini husali kwa sauti chini ya miti huku wamefumba macho. Familia hutandika leso na kupakua vyakula. Kima nao hukaa juu matawini wakingoja mwenye kusahau mfuko wake.

Siku ya kwanza nilitembea dakika kumi tu nikaketi kwenye benchi, jasho likinitoka. Mzee mmoja mwenye fimbo alinipita akanisalimu, "Pole pole, kijana." Nilicheka, maana ni miaka mingi sijaitwa kijana. Juma la pili nilifikisha dakika 15, na baada ya miezi miwili nikaweza nusu saa bila kusimama. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2020 kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Ukizigawanya zile 150 utaona ni nusu saa kwa siku tano. Mwendo unaofaa ni ule unaokuruhusu kuzungumza lakini hukuruhusu kuimba. Siku za kazi siwezi kufika Arboretum, kwa hiyo hushuka matatu kituo kimoja kabla ya changu nikamalizia kwa miguu.

Penye benchi lile lile nilijifunza la pili, nalo ni kupumua. Huketi wima, nikavuta pumzi kwa pua nikihesabu hadi nne, kisha nikaitoa taratibu nikihesabu hadi sita. Dakika tano za kufanya hivyo huutuliza moyo unaodunda. Baadaye hukaza ngumi kwa nguvu sekunde chache, nikaziachia. Hukaza mabega, nikayaachia. Hivyo hivyo hadi miguuni. Mbinu hii ya kukaza na kulegeza misuli ilienezwa na daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, aliyetoa kitabu juu yake mwaka wa 1929. Haina gharama, na hata ndani ya matatu iliyokwama kwenye msongamano waweza kuifanya bila jirani yako kujua.

La tatu nilifundishwa na kima. Nilikuwa nikija na mfuko wa mandazi manne ya kujipongeza baada ya kutembea. Siku moja niliuweka kando nikafumba macho kupumua. Kufumbua, kima yuko juu ya mti anamalizia andazi la mwisho, ananitazama kama mwenye kunidai chai! Nilirudi nyumbani bila mandazi na nikagundua kwamba sikuwa na njaa hata kidogo. Tangu hapo hujiuliza kabla ya kula: ni tumbo linaloomba, au ni mawazo? Kama ni mawazo, hunywa maji nikazunguka uani. Sikuacha chapati, msomaji, usije ukaogopa. Nimeacha tu kuila ili kujiliwaza, na sukari katika chai nimeipunguza kutoka vijiko vinne hadi kimoja.

La nne ni usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kila usiku, na asiyelala vya kutosha huamka na njaa isiyoshibika. Sasa tunakula chakula cha usiku mapema, na simu yangu hulala sebuleni huku mimi nikilala chumbani. Mwanzoni ilikuwa taabu, lakini habari za usiku hazijawahi kukosa kunisubiri hadi asubuhi.

Na liko la tano ambalo mnene hawezi kulifanya peke yake. Mke wangu aliwakusanya watu wa nyumbani akasema kuanzia siku hiyo hakuna mzaha juu ya tumbo la baba, wala ubishi juu ya sahani yake. Wengi wetu hudhani kumcheka mnene kutamfanya apungue. La, humfanya ajifiche, na anayejifiche hula gizani. Kama una ndugu mnene, mwalike mkatembee pamoja, kisha habari ya kilo zake muachie yeye na daktari wake.

Baada ya miezi minne nilirudi kwa daktari. Nilikuwa nimepungua kilo tatu tu, nami nilitarajia kukemewa. Yeye alitazama kipimo cha presha kwanza, akatabasamu. Ilikuwa imeshuka, ingawa dawa bado ninameza na sitaiacha bila yeye kuniambia. Nawe pia usiache yako. Na ukihisi maumivu kifuani au kukosa pumzi unapotembea, simama, umwone daktari kabla ya kuendelea.

Jumapili iliyopita kijana wangu aliomba kuandamana nami. Tuliteremka pamoja hadi kando ya mto Kirichwa Kubwa, yeye akikimbia mbele na kurudi, akinionyesha ndege na kuniuliza majina ya miti nisiyoijua. Tulipoanza kupanda kurudi langoni nilianza kuhema. Alinishika mkono. "Twende pole pole, baba," akasema, "hakuna haraka."

Jioni tulipofika nyumbani televisheni ilikuwa ikilia sebuleni, na binti yangu alikuwa ameketi mbele yake. Aligeuka akatutazama, akasogea kunipisha kitini, na hakuizima.