Ngama ya Nchi Kavu

Kukagua kitu kabla ya kukinunua ni sehemu ya biashara. Kukikagua baada ya kukinunua ni jambo jingine kabisa. Katika ukaguzi wa kwanza muuzaji yupo, na maneno yake huyatangulia macho ya mnunuzi katika kila pembe. Kasoro ikionekana wakati huo ina faida yake, kwani hupunguza bei. Katika ukaguzi wa pili hakuna wa kulalamikiwa. Kasoro itakayoonekana ni mali ya mwenye chombo, sawasawa na mlingoti na tanga. Nahodha wa mwambao aliyenunua jahazi lililokwisha tumika analijua hilo vyema: siku chombo kinapokuwa chake ndipo anapoteremka ngamani, kule chini ambako maji machafu hujikusanya, na ambako muuzaji hakuwa na haraka ya kumpeleka.

Jamaa mmoja aliyezaliwa Unguja, na ambaye ana zaidi ya miaka 30 katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, alinunua tela la safari. Tela hilo, kwa asiyelijua, ni nyumba ndogo iliyojengwa juu ya chasi na kuvutwa na gari. Lina vitanda, jiko la gesi, jokofu na choo, na chini ya sakafu yake mna matangi ya maji safi, ya maji yaliyotumika na ya choo. Wamarekani wengi huyatumia matela haya kwa mapumziko. Wapo pia, na si wachache, wanaoishi humo mwaka mzima kwa sababu kodi za nyumba zimewashinda. Jamaa huyu alikuwa na nia ya kwenda nalo ufukweni mwa Ziwa Erie wakati wa joto, yeye na mkewe na mjukuu wao wa kike mwenye miaka minane. Mjukuu huyo ana pumu, na jambo hilo ndilo lililoufanya ukaguzi wake usiwe mchezo wa mstaafu mwenye siku nyingi na kazi chache.

Vyombo vya namna hii si vigeni kabisa katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 ya alumini kutoka Cape Town, ukapita Kenya na Ethiopia na kuishia Cairo mwaka 1960. Kiwanda cha matela hayo yanayong'ara kama samaki kipo Ohio hiyo hiyo, katika mji mdogo wa Jackson Center. Lakini tela la Airstream ni la wenye nafasi. Hili la jamaa yetu lilikuwa la watu wa kawaida, kiunzi cha mbao nyembamba kilichovikwa faibaglasi nje na plaiwudi ndani, kazi ya kaunti ya Elkhart huko Indiana, ambako hutengenezwa sehemu kubwa ya matela ya Marekani.

Alianza juu. Jahazi huviziwa na maji kutoka chini; tela huviziwa kutoka angani. Paa lake lilikuwa limefunikwa shuka moja la mpira mweupe, na lingebaki zima miaka mingi kama wenyewe waliolitengeneza wasingelitoboa. Ila wamelitoboa. Pana tundu la kiyoyozi, tundu la bomba la jokofu, tundu la kutolea hewa ya choo, la antena, la dirisha la juu. Kila tundu limezungushiwa gundi nzito, na gundi hiyo ndiyo kalafati ya tela. Jua huikausha, ikapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Mvua huingia katika nyufa hizo, na majira ya baridi yakifika maji yale huganda yakiwa humo humo ndani. Maji yakiganda hutanuka, na barafu hapo huwa patasi: kila usiku wa baridi hupanua ufa kidogo, na kila mchana huyayuka na kuteremka zaidi.

Alipiga magoti juu ya ngazi na kuipitisha kidole gundi yote, tundu baada ya tundu. Karibu na ukingo wa mbele alikuta rangi mbili. Ya chini ilikuwa gundi ya kiwandani, imezeeka na kuwa ya kijivu. Juu yake imepakwa silikoni ang'avu, ya juzijuzi, iliyosawazishwa kwa kidole cha mtu. Alama ya kidole hicho ilikuwa ingali ikionekana. Silikoni ni adui anayevaa nguo za rafiki. Haishiki vizuri juu ya mpira wa paa, na ikishapakwa hakuna gundi nyingine itakayokubali kushika pale mpaka ikwanguliwe yote. Fundi wa kalafati hung'oa pamba ya zamani kabla ya kushindilia mpya iliyolowa mafuta. Anayeshindilia mpya juu ya mbovu hajaziba kitu. Amefunika tu.

Kutoka paani aliingia ndani akiwa tayari ameshajua pa kutazama. Hata hivyo hakwenda pale moja kwa moja. Alianzia mlango na kuzunguka chumba chote, kwa sababu anayetafuta kasoro moja aghalabu hupita juu ya nyingine tatu. Alibonyeza kuta kwa dole gumba. Alikanyaga sakafu kwa kisigino, hatua kwa hatua, hasa mbele ya choo na chini ya sinki. Aligonga kwa vifundo vya vidole, kama mafundi wa jahazi wanavyogonga ubavu wa chombo kwa nyundo na kutega sikio: mbao nzima hujibu, mbovu humeza sauti. Kisha akafungua makabati yote na kuingiza kichwa, kwani ndani ya kabati hakuna anayepaka rangi kwa ajili ya mnunuzi.

"Babu, mbona unanusa kabati?" aliuliza mjukuu.

"Nasikiliza," alijibu. Na kwa Kiswahili jibu hilo lilikuwa sahihi, kwani harufu kwetu husikika.

Alikuwa akisikiliza harufu mbili, na moja kati yake ina historia ambayo kila anayenunua tela la miaka ile anapaswa kuijua. Mwezi wa Agosti 2005 kimbunga Katrina kiliipiga pwani ya Ghuba ya Mexico, na serikali ya Marekani ikanunua matela zaidi ya 100,000 ili kuwahifadhi waliopoteza nyumba. Viwanda vilijenga mbio. Plaiwudi na mbao za kubandikwa zilishikishwa kwa gundi zenye fomaldehaidi, gesi inayochoma macho, inayokaba koo, na ambayo wataalamu wameitia katika orodha ya visababishi vya saratani. Watu wakaanza kulalamika vichwa, damu za pua, watoto wasiopumua vizuri. Kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa kilipima makazi 519 ya aina hiyo kati ya Desemba 2007 na Januari 2008, na wastani ukawa sehemu 77 za gesi hiyo katika kila sehemu bilioni za hewa, mara kadhaa zaidi ya kinachopatikana katika nyumba za kawaida. Watu wale walikuwa wamekwisha kunyang'anywa nyumba na maji. Sasa walikuwa wakinyang'anywa pumzi na kile walichopewa badala yake.

Ama matela yenyewe hayakuchomwa moto. Mwaka 2010 yaliuzwa kwa wingi katika minada, kila moja likiwa na kibandiko cha kuonya kwamba halifai kukaliwa na watu. Kibandiko ni karatasi na gundi. Mwaka huo huo, baada ya mafuta kumwagika katika Ghuba ile ile ya Mexico, baadhi ya matela hayo yalikutwa yakilaza vibarua waliokuwa wakisafisha fukwe, na mengine hayakuwa na kibandiko tena. Sheria ya kupunguza gesi hiyo katika mbao za kubandikwa ilitiwa saini mwaka huo huo wa 2010, ikiwa imechelewa kwa waliokwisha kuivuta.

Chombo cha namna hii huwa na namba yake ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17, na ya kumi kati ya hizo hutaja mwaka. Katika tela hili ya kumi ilikuwa 6, maana yake 2006. Hati ya umiliki ilitaja aliyeuza na aliyenunua. Haikutaja waliolala humo. Jamaa huyo aliukagua ukuta wa karibu na mlango, na vioo vya madirisha, akitafuta kibandiko au hata alama ya mraba ya gundi iliyokwanguliwa. Hakuona kitu, na kutoona kwake hakukuthibitisha lolote.

Ndipo alipofanya jaribio ambalo halina gharama. Siku moja ya Julai, siku ya joto lenye unyevu linalofanana na la Unguja kabla ya mvua za masika, alifunga madirisha yote na matundu ya paa tangu asubuhi. Joto huitoa gesi hiyo ndani ya mbao. Alasiri alifungua mlango, akaingia peke yake, akaketi kitandani na kuvuta pumzi. Macho hayakuwasha. Koo halikukaba. Hilo halikuwa la ajabu, kwani gesi hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita, na mbao zilizobandikwa 2006 zimekwisha kutoa kwa wingi kile kilichokuwamo. Lakini harufu ya pili aliisikia mara moja. Ilikuwa harufu ya udongo, ya jamvi lililokunjwa likiwa bichi, na ilitoka chini ya kitanda cha mbele, chini ya ukingo ule wa silikoni.

Ukuta wa pale ulikuwa umepachikwa kibao kipya chenye karatasi ya maua. Skurubu zake ziling'aa. Skurubu mpya katika ukuta mkongwe zina maneno mengi, na bisibisi ndiyo inayozisomesha. Alizitoa nne, akakiondoa kibao. Nyuma yake ubao wa kiunzi ulikuwa mweusi, ukibonyea chini ya kidole kama andazi lililoangukia chai, na kuvu imetambaa juu yake kiasi cha mikono miwili. Kwa kifua chenye pumu, kuvu si kasoro ya urembo. Angelilala pale mtoto, kichwa chake kingekuwa shibiri moja kutoka mahali pale.

Mkewe alikuja kutazama. "Bwana, mpigie aliyekuuzia."

"Nimpigie nimwambie nini, bibi? Aliniuzia tela. Tela ndilo hili."

Si kila anayefunika huwa na nia ya kudanganya, ingawa wapo. Mwingine huona doa, akaogopa kujua ukubwa wake, akanunua kibao chenye maua. Mwenye kidole kile cha paani huenda alilala juu ya harufu ile misimu miwili akijiambia kuwa ni ziwa.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi, na hayahitaji maneno mengi. Matairi yalikuwa na meno mazuri, lakini ubavuni yaliandikwa 1114, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2014. Matairi ya tela hufa kwa umri kuliko kwa safari, kwa kuwa husimama mahali pamoja miezi mingi yakipigwa na jua, na tairi likipasuka barabarani hurarua sakafu iliyo juu yake, akayabadilisha yote. Beringi alizifungua, akazisafisha na kuzitia grisi mpya. Viungio vya bomba la gesi alivipaka povu la sabuni, kimoja kikatoa vipovu, akakikaza mpaka vikakoma. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, ndiyo maana kengele yake hufungwa chini karibu na miguu. Ile ya tela hili ilikuwa na taa ya kijani iliyowaka vizuri kabisa, lakini nyuma yake tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imekwisha kupita. Ya kaboni monoksidi, gesi isiyokuwa na harufu yoyote ya kusikiliza, vilevile. Alinunua mbili mpya siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana.

Ukuta ulimchukua wiki tatu. Alikata ubao uliooza, akaendelea kukata hadi msharasi ukagoma kuingia, na hapo ndipo alipojua amefika penye mbao nzima. Aliacha shimo wazi, feni ikivuma mchana na usiku. Paani aliikwangua silikoni yote kwa kisu cha plastiki ili asiutoboe mpira, akasafisha, akaziba upya kwa gundi inayostahili. Kisha akatia ubao mpya, lakini ukuta wa ndani hakuufunga.

Jumamosi jioni mkewe alisimama nje na mpira wa maji, akaumwagilia ukingo wa mbele kuanzia chini kwenda juu, polepole kama alivyoelekezwa. Yeye alikuwa ndani, amelala kifudifudi mahali pa kitanda, tochi katika mkono mmoja na kiganja cha mkono wa pili juu ya ubao. Mjukuu alisimama mlangoni, kwa kuwa amekatazwa kuingia. Zilipita dakika kumi na tano.

"Yaingia?" mkewe aliuliza kutoka nje.

"Bado," alisema. "Mwaga."