Ufunguo wa Tatu

Jumanne, 5 Novemba 2024

Tangu Magharibi simu haijanyamaza. Picha za Suzuki Carry zimeingia kwenye grupu la kikoba: nyeupe, bodi safi, tairi zinang'aa. "Kirikuu inauzwa bei ya kutupa, mil. 4.5, maongezi yapo, namba D, haijagongwa, mmiliki kahamishwa kikazi." Katibu kaandika chini yake: Mungu si Athumani. Baada ya hapo ni amina tu, amina, amina.

Kirikuu ya kueleweka ni mil. 9, mil. 10. Nimeulizia tangu korosho hazijaanza kudondoka. Mtu kahamishwa kikazi, ndiyo atupe nusu ya pesa yake? Si apakie vyombo vyake humo humo aende nayo?

Nilale. Kitabu cha benki kimo sandukuni, sanduku lina funguo tatu, na mmoja ninao mimi.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimezikuza zile picha mpaka macho yanauma. Namba zimefichwa, kapitisha ukungu juu yake. Rangi hakuficha. Picha ya mbele, kibao cheupe. Picha ya nyuma, kibao cha njano. Gari moja hilo hilo!

Kwetu njano ni njano mbele na nyuma, gari la mtu binafsi. Nyeupe ni nyeupe kotekote, gari la biashara. Mbele nyeupe nyuma njano ni za Kenya hizo, au Uganda. Namba D yake iko wapi hapo?

Nikamwonyesha mwenyekiti. Akavaa miwani, akatazama weee, akasema labda ni mwanga. Labda. Mwanga ukageuza kibao, bodi ukaiacha nyeupe vile vile.

Jumapili, 10 Novemba

Kikao kibaya. Nawaelewa, ndilo linaloniuma. Kila gunia linaliwa na nauli kabla halijafika Kibiti. Mwaka huu wameuza, pesa ipo, na gari wameliona kwa macho yao kwenye kioo cha simu. Wameshapanga na dereva. Wameshagombana nani apakie nazi zake kwanza.

Mwenye gari anataka laki tano ya kulishika, maana kuna mteja wa Morogoro anakuja na pesa taslimu. Siku zote kuna mteja wa Morogoro. Nikasema, kwanza tumwone mwenye gari na gari lenyewe, nauli ya mtu mmoja mpaka Dar haifiki hata robo ya hiyo laki tano. Mmoja akajibu, si pembeni, mbele yangu: "Mshika ufunguo sasa anashika na riziki za watu."

Nimeondoka bila kunywa chai yao.

Jumanne, 12 Novemba

Nimepiga mwenyewe. Sauti tulivu, ya mtu wa swala tano. Shikamoo mama yangu, habari za huko, poleni na jua. Nikamwambia mwanangu yupo Mbagala, fundi, jioni atapita kulitazama. Kimya kidogo. Gari lipo Bagamoyo. Basi atakwenda Bagamoyo kesho. Kesho linaingia gereji. Gereji ipi? Fundi hapendi usumbufu mama, ila ukituma advansi nampigia alitoe nje.

Kwa hiyo gari likilipiwa linaonekana, lisipolipiwa halionekani. Nimelielewa.

Kanitumia picha ya kadi. Mwaka 2016, chesisi inaanza na DA63T. Nikamsomea mwana wa dada, huyo huyo fundi wa Mbagala, kwenye simu, akacheka mpaka akakohoa. "Ma'mdogo, DA63T Suzuki waliiacha 2013. Ikaja DA16T, hata uso wake mwingine kabisa. Huo mwaka kajipa mwenyewe."

Halafu namba ya kutumia pesa. Nikabonyeza kama natuma, jina likatokea, la mwanamke. Nikatoka kabla ya namba ya siri. Tangazo lina jina moja, kadi ina lingine, simu ina la tatu. Nilipomuuliza akasema ni mke wake. Sikumuuliza na la kwenye kadi, angenipa shemeji.

Nimemwambia katibu yote haya. Kasema atafuatilia.

Alhamisi, 14 Novemba

Dukani nimemkuta mzee mmoja, habari zetu kishazipata. Kanivuta pembeni. Yeye aliuziwa gari la mnada wa forodha. "Afisa" alimpigia, gari limekaa sana bandarini, linauzwa kwa watu wachache wanaojuana, leta ada ya kuingia kwenye orodha. Akaleta. Ikaja ada ya kutoa gari. Akaleta. Ikaja ya walinzi.

Mnada wa serikali unatangazwa, watu wanakwenda kutazama mali, na pesa ya serikali hailipwi kwenye simu ya mtu. Analijua hilo sasa. Nikamwomba aje aseme kwenye kikao. Akakataa. Mkewe hajui mpaka leo.

Wanatapeliwa wengi, wanaosema wachache, basi anayefuata anajiona wa kwanza.

Jumamosi, 16 Novemba

Ghorofa limeanguka Kariakoo asubuhi. Leo hakuna habari nyingine. Binamu yake katibu ana duka mtaa ule, simu yake haipatikani. Tumekaa naye barazani mpaka alasiri. Kapatikana mzima, alhamdulillahi. Wengine bado wamo chini. Siwezi kutazama zile video.

Jumatatu, 18 Novemba

Mwenye gari kaandika. Safari hii si kwangu, kwa katibu. Mdogo wake yumo kwenye kifusi Kariakoo, amechanganyikiwa, anahitaji pesa ya haraka, tuchukue gari kwa mil. 3.8, tutume laki tatu tu kwanza, Mungu atatulipa.

Grupu likalia. Maskini. Tumsaidie jamani, leo kwake kesho kwetu. Mwenyekiti kasema ufunguo wake uko tayari.

Mikono imenitetemeka kwa hasira. Watu wanachimba kwa mikono kutafuta wenzao, na huyu kaketi mahali anahesabu machozi yetu yatafika shilingi ngapi. Bei inashuka, huruma inapanda, na haraka iko pale pale. Kikazi, Morogoro, kifusi. Kila siku sababu mpya, na kila sababu inaishia kwenye tuma leo.

Sikubishana. Nikamwambia katibu, muulize mdogo wake anaitwa nani, binamu yako yuko pale pale akamuulizie. Na muulize vibao vyake mbona rangi mbili. Akauliza, maskini, kwa adabu zote, na pole ya msiba juu.

Katuzuia. Katibu kwanza, kisha mimi.

Jumanne, 19 Novemba

Nimeituma namba yake 15040, kunakoripotiwa matapeli. Nimewaonyesha na wengine namna ya kutuma.

Tangazo bado lipo. Mil. 4.5 tena, na mdogo wake hatajwi. Picha ya nyuma kaitoa. Kumbe na yeye anajifunza.

Ahsante hakuna aliyesema. Sikuitegemea sana. Pesa isiyoibwa nani ataishangilia? Wanachokikumbuka ni kwamba kulikuwa na kirikuu ya mil. 3.8, na sasa haipo. Katibu peke yake kaniletea embe.

Jumamosi, 23 Novemba

Mbagala, jua la kuchoma. Nimetoka na boda la alfajiri, Kibiti nikapata basi mpaka Rangi Tatu. Mwana wa dada alikuwa kituoni na tochi mfukoni. Tumekwenda kutazama kirikuu nyingine.

Huyu mwenye gari hana maneno matamu. Kabla hatujamuuliza: "Gia ya tatu inakoroma. Chini kuna kutu. Hizo kilomita msizisome, dashibodi nilibadilisha." Mwenye gari kweli anajua linapouma. Yule mwingine lake halikuwa na ugonjwa hata mmoja.

Mwana kapitisha sumaku kwenye bodi. Ikashika, ikashika, ikafika mlango wa kushoto ikadondoka. Puti. Mwenyewe akasema ndiyo, nguzo, 2021. Tairi za nyuma zimeandikwa 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019, hizo za kubadilisha. Chesisi tumeisoma kwenye chuma chenyewe, mwana na tochi, mimi na kadi, tarakimu kwa tarakimu, mwanzo mpaka mwisho. Imelingana. Jina la kadi na la kitambulisho chake, yamelingana. Bima tumeiangalia TIRA kwa simu, ipo hai. Faini za barabarani mbili hazijalipwa, elfu 30 kila moja. Kaona aibu kidogo, kasema zinatoka kwenye bei.

Mil. 9.2. Tumefika 8.7. Nimekaa kwenye kiti cha abiria, nikazungushwa mtaa mzima. Inakoroma kweli ile ya tatu. Nimecheka peke yangu.

Jumatano, 27 Novemba

Kura za kijiji leo, foleni ndefu, nimewahi asubuhi. Jioni kikao. Gari wamelikubali, hata walioninunia. Nikadhani tumemaliza.

Kadi iandikwe jina la nani? Mwenyekiti kasema lake, ana TIN tayari, mambo yaende haraka. Katibu naye anayo TIN, yeye ndiye aliyeanza habari ya gari. Wakaanza kutazamana vibaya watu wa kikoba kimoja. Kila mmoja ana nia njema, naamini. Lakini kadi haiandikwi nia, inaandikwa jina, na mwenye jina ndiye anayeweza kuuza.

Nimesema kikundi kichukue TIN yake, kadi iwe ya kikundi, bila hivyo ufunguo wangu hautoki. Wameguna. Waniseme, nimeshazoea.

Kesho: katiba ya kikundi, barua ya mtendaji, nakala za vitambulisho vya viongozi, kisha TRA. Nimempigia mwenye gari kumweleza. Atasubiri mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Advansi hakutaka.