Bandari takatifu za Mediterania: kabla ya kumkatia mama tiketi, uliza miguu yake

Saa moja asubuhi, meli ya kitalii yenye ghorofa zaidi ya kumi inafunga gati Kuşadası, mji wa bandari magharibi mwa Uturuki. Kwenye foleni ya kushuka wazee ni wengi. Mmoja ana fimbo, mwingine amevaa kofia pana, mwingine anasukumwa na mjukuu kwenye kiti cha magurudumu. Chini, mabasi yanasubiri. Jioni meli itaondoka, na haimsubiri aliyechelewa.

Kwa familia nyingi, safari kama hii ni zawadi ya mara moja maishani. Watoto wanachanga ili mama aliyewasomesha kwa jasho aone kwa macho yake miji ambayo amekuwa akiisikia kanisani tangu utoto: Efeso, Patmo, Malta, Roma. Mzee analala kwenye chumba chenye roshani inayotazama bahari, na kila anapoamka anajikuta katika bandari nyingine.

Picha za matangazo ni nzuri. Lakini kuna swali ambalo huachwa hadi siku za mwisho: je, mwili wake utaiweza safari?

Efeso: marumaru na jua

Kutoka Kuşadası hadi magofu ya Efeso ni takriban kilomita 20. Hapa ndipo Paulo alipohubiri, na uwanja wa michezo ya kuigiza unaotajwa katika Matendo ya Mitume bado upo, wenye nafasi inayokadiriwa kuwa ya watu 25,000. Zamani Efeso yenyewe ilikuwa bandari. Tope la mto liliijaza bahari kidogo kidogo, maji yakageuka kinamasi, na mji ukafifia. Leo bahari iko kilomita kadhaa kutoka kwenye magofu.

Watalii wengi huingia kwa lango la juu na kuteremka kwa miguu hadi Maktaba ya Celsus. Barabara ni ya mawe na marumaru yaliyolainishwa na nyayo za karne nyingi. Yanateleza hata yakiwa makavu, na kwa mtu mwenye magoti mabovu, kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Viatu vya ngozi vya kanisani vibaki melini. Hapa panahitajika raba zenye soli ya kushika.

Kivuli ni kidogo. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 mara nyingi. Aliyezoea jua la Dar es Salaam anaweza kulidharau, lakini hewa ya huko kiangazi ni kavu na jasho hukauka upesi, hivyo mtu hupoteza maji bila kujua. Mzee anayetumia vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo yuko kwenye hatari zaidi. Anywe maji kidogo kidogo njiani, asisubiri kiu. Kama anaweza kuchagua mwezi, Aprili, Mei au Oktoba ni afadhali.

Juu ya mlima ulio jirani kuna nyumba ndogo ya mawe inayoaminiwa na wengi kuwa makao ya mwisho ya Bikira Maria. Ilitambuliwa mwaka 1891, baada ya watu kufuata maelezo ya njozi za mtawa wa Ujerumani, Anna Katharina Emmerick, ambaye hakuwahi kufika huko. Mapapa watatu wamesali hapo: Paulo VI mwaka 1967, Yohane Paulo II mwaka 1979 na Benedikto XVI mwaka 2006. Waislamu nao hufika kwa wingi, kwa kuwa Bi Mariamu ana sura yenye jina lake katika Kurani, ya 19.

Patmo: boti ndogo, ngazi nyingi

Patmo, kisiwa cha Ugiriki, ndicho ambacho kwa mapokeo ya Kikristo Yohane alipata maono ya Ufunuo. Pango lake limezungukwa na kanisa dogo, na juu ya kilima kuna monasteri iliyoanzishwa mwaka 1088. Mwaka 1999 maeneo hayo yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Meli kubwa hutia nanga nje ya bandari, kisha abiria huvushwa kwa boti ndogo. Hatua ile moja, kutoka kwenye meli hadi kwenye boti inayopanda na kushuka na mawimbi, ni ngumu kwa anayetegemea fimbo. Wakati mwingine anayetumia kiti cha magurudumu haruhusiwi kabisa kuvuka. Pangoni penyewe panafikiwa kwa ngazi.

Mzazi mwingine hugundua haya akiwa tayari mlangoni, ndugu wote wakimtazama. Ni uchungu unaoweza kuepukwa kwa kuuliza swali moja kabla ya kulipa: katika bandari zipi meli inafunga gati, na zipi tunavushwa kwa boti?

Malta: wagonjwa na vyombo vya fedha

Malta inajulikana kwa wasomaji wa Biblia kama kisiwa ambako merikebu ya Paulo ilivunjika ikiwa na watu 276, na wote wakaokoka. Hapo, Paulo alimwombea baba yake Publio, aliyekuwa na homa na ugonjwa wa kuhara, akapona.

Karne nyingi baadaye, kisiwa hichohicho kikawa maarufu kwa tiba. Mwaka 1574 mashujaa wa Shirika la Mtakatifu Yohane walianza kujenga hospitali kubwa Valletta. Wodi yake kuu ina urefu wa zaidi ya mita 150, na wagonjwa walipewa chakula kwenye vyombo vya fedha, ambavyo ni rahisi kusafisha. Jengo hilo bado limesimama, na siku hizi ni ukumbi wa mikutano.

Hadi leo, kuhara kunasumbua vyombo vya baharini. Virusi vya noro, vinavyosababisha kutapika na kuhara, huenea haraka mahali watu wanapokula pamoja na kushika vyuma vilevile vya ngazi. Dawa ya kupaka mikononi yenye kileo haiviui vizuri. Kinga bora ni sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Wafundishe watoto hivyo kabla hawajaona meza ya vyakula. Na anayeanza kutapika atoe taarifa mapema, asijifiche kwa kuogopa kufungiwa chumbani.

Dubrovnik: neno karantini linatokea huku

Kufungiwa huko kuna historia yake. Mwaka 1377, mji wa Ragusa, leo Dubrovnik nchini Kroatia, uliamuru wageni waliotoka sehemu zenye tauni wakae nje ya mji siku 30 kwanza. Baadaye siku zikawa 40, na kutoka neno la Kiitalia la arobaini tukapata karantini. Majengo ya kuwatenga wasafiri bado yapo nje kidogo ya lango la mashariki la mji wa kale.

Sasa mji huo unajilinda na msongamano pia. Umeweka kikomo cha idadi ya meli za kitalii zinazoingia, kwa sababu vichochoro vyake vilikuwa vikifurika watu. Kwa mwenye mzee au mtoto mchanga, somo ni kushuka mapema kabla ya umati, au kusubiri wengine warudi.

Ndani ya meli

Chakula kipo tangu alfajiri hadi usiku, na kimeshalipiwa. Kwa mwenye kisukari, huo ni mtihani wa kila siku. Ajiwekee saa za kula zilezile za nyumbani na apime sukari kama kawaida.

Mizigo mikubwa huchukuliwa gatini na kuletwa chumbani baadaye, wakati mwingine baada ya saa kadhaa. Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari, na zizidi siku za safari.

Anayesumbuliwa na kichefuchefu achukue chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Vya juu vyenye roshani ndivyo ghali, lakini ndivyo vinavyoyumba zaidi.

Zoezi la dharura msilikwepe. Usiku wa Januari 13, 2012, meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, saa chache baada ya kuondoka Civitavecchia, bandari ya kwenda Roma. Watu 32 walifariki. Abiria waliopanda siku hiyo walikuwa hawajafanya zoezi. Tangu 2015, kanuni za kimataifa zinataka lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Fahamuni boti yenu iko upande gani, na nani atamshika bibi mkono.

Kabla ya kulipa

Meli zina zahanati, lakini huduma hulipiwa kando, na mgonjwa mahututi hushushwa bandari inayofuata au huchukuliwa kwa helikopta. Viza ya Schengen inadai bima ya angalau euro 30,000. Soma kama bima yako inahesabu magonjwa aliyonayo mzee tayari na gharama za kumsafirisha. Angalia pia kuwa viza inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwani meli ikienda Uturuki na kurudi Ugiriki, mmetoka Schengen na kuingia tena.

Mama mjamzito naye aulize: kampuni nyingi hazimpokei aliyefikisha wiki 24, wala mtoto aliye chini ya miezi sita.

Kisha kaeni na mzee, mumwulize ni mahali gani moyo wake unapataka kuliko pote. Akisema Efeso, basi siku ya kabla yake abaki melini apumzike, hata kama tiketi ya matembezi imelipwa. Bandari nane alizozipita akihema hazilingani na mbili alizozifikia akiwa na nguvu ya kusali.

Nje ya nyumba ile ya mlimani kuna mabomba ya maji ya chemchemi, na karibu yake ukuta uliofunikwa na vikaratasi na vitambaa, kila kimoja kimefungwa na mtu mwenye ombi. Kufunga fundo moja huchukua dakika mbili. Ila panahitajika magoti yaliyobaki na nguvu ya kusimama hapo, na mtoto wa kumshikia mkoba.